Tochi ya jeshi ya zamani: uiachie globu yake, uitie LED, au uijenge upya?

Mezani kwangu zimelala tochi tatu za jeshi. Ya kwanza ni TL-122-A ya Marekani, ya wakati wa Vita Kuu ya Pili: mwili wa shaba ya njano uliopakwa kijani cha jeshi, shingo imekunjwa pembe mraba ili askari akiibana mkandani mwanga uende mbele na mikono yake ibaki na kazi nyingine. Ya pili ni mzao wake, MX-991/U ya plastiki, iliyosambaa enzi ya vita vya Vietnam. Ya tatu ni Daimon ya Kijerumani, bapa, ya bati, yenye ulimi wa ngozi mgongoni wa kufungia kwenye kifungo cha koti, na vichujio vya rangi unavyovisukuma kwa kidole.

Zote zilinifikia zikiwa zimekufa. Leo zote zinawaka, na hakuna mbili zilizotiwa kitu kimoja ndani. Nimeandika haya kwa sababu watu huuliza "nitie LED gani?" kama vile tochi zote ni moja, wakati jibu linategemea mambo matatu: betri ngapi zinaingia, mwili ni wa nini, na je, ni tochi ya kutumia au ya kutunza. Hilo la tatu ndilo ninaloanza nalo kila mara. Tochi ya mwaka 1942 ikishatobolewa imetobolewa. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwanza, njia ya umeme

Tochi nyingi zinazosemwa "globu yake hafifu" hazina ubaya wa globu. Zina kutu. Tochi ya betri mbili ina volti 3 tu za kugawana, na kila mguso mchafu unadai fungu lake. Globu inayokula ampea 0.3 ikipitia ukinzani wa omu 1 kwenye swichi, volti 0.3 zimeshapotea, yaani sehemu ya kumi ya chakula chote. Ukitia LED ya kisasa juu ya uchafu huo, unalipia fedha na kupata nusu ya ulichonunua.

Angalia ukoko kwenye springi na kifuniko cha chini. Kama uliachwa na betri za alkali, ni masalia ya potasiamu hidroksidi, na kinachoyayeyusha ni siki au maji ya ndimu kwenye pamba. Betri za kawaida za zinki na kaboni huacha chumvi zenye tindikali, na hizo ndimu haizisaidii. Tumia bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Kisha suuza, kausha vizuri, na usugue miguso kwa kifutio cha penseli. Msasa mlaini uutumie pale tu kifutio kinaposhindwa, na uguse mahali pa kupitisha umeme peke yake. Rangi ya jeshi iache ilivyo, hata ikiwa imechubuka. Mchubuko wa miaka themanini una thamani kuliko rangi ya kopo ya jana.

Kwa miili ya plastiki, sabuni na maji vuguvugu yanatosha. Plastiki kadhaa za zamani zina asili ya selulosi, na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inazilainisha kama peremende iliyonyeshewa. Ukimaliza, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji, kama bado upo.

Fanya hayo kisha rudisha globu yake ya zamani na uwashe. Wengine wataishia hapo na kuridhika, na ninawaelewa kabisa.

Njia nne kwa mkupuo

| | Globu ya asili | LED rahisi, bila saketi | LED ya kuchomeka yenye saketi | Kujenga upya kichwa |
|---|---|---|---|---|
| Mwanga | Chini ya lumeni 10 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) | Mzuri siku ya kwanza | Lumeni makumi kadhaa | Lumeni mia na zaidi |
| Betri zikichoka | Unakuwa wa rangi ya chungwa | Unafifia haraka | Haubadiliki, halafu unakatika | Inategemea saketi |
| Joto | Si tatizo | Si tatizo | Dogo | Tatizo kubwa kwenye plastiki |
| Kuirudisha ilivyokuwa | Haijabadilika | Dakika moja | Dakika moja | Mara nyingi haiwezekani |
| Inafaa | Ya kutunza | Tochi ya volti 4.5 | Karibu zote | MX-991/U zilizojaa sokoni |

Jedwali linasaidia kuona kwa haraka, lakini limeficha mambo yanayowaumiza watu, kwa hiyo nitayafungua.

Globu ya asili

MX-991/U hutumia globu ya aina ya PR-6, yenye volti 2.47 na ampea 0.3. Inakula robo tatu za wati na kutoa lumeni tano au sita hivi. Ni kidogo, ndiyo, lakini yote hukusanywa na kiakisi, lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu, kilichotengenezwa kwa ajili yake. Uzi wa globu unawaka pande zote. Kiakisi kinauona mwanga kutoka ubavuni na kuutupa mbele. Ile kola ya chuma kwenye shingo ya globu kazi yake ni kuuweka uzi mahali pamoja kila unapobadilisha, kwenye kitovu cha kiakisi. Ndiyo maana globu hizi hazihitaji kurekebishwa.

Kama tochi yako ni ya vita, imekamilika, na haitatoka kabatini ila siku za maonyesho, baki hapa. Nunua globu mbili za akiba zingali zinapatikana. Na ukiichagua njia nyingine yoyote kati ya hizi, ile globu uliyoitoa usiitupe. Ifunge kwenye karatasi, andika ilitoka tochi gani, iweke pamoja nayo.

LED rahisi: mbovu kwenye betri mbili, nzuri kwenye tatu

Hapa ndipo wengi huchomwa. LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi ili iwake sawasawa. Betri mbili mpya za alkali zinatoa volti 3 na kidogo, na unapowasha mara ya kwanza unashangilia. Zikitumika kidogo zinashuka hadi 2.6, kisha 2.4. Globu ya uzi ingeendelea kuwaka kwa rangi ya chungwa. LED isiyo na saketi ya kupandisha volti inabaki kama kimulimuli, ilhali betri bado zina zaidi ya nusu ya nguvu zake. Fundi mmoja aliniuzia LED za namna hiyo kwa maneno matamu, nikazitia kwenye MX-991/U, na kwa majuma mawili nikawa nabadilisha betri ambazo hazikuwa na kosa.

Geuka sasa uitazame Daimon. Taa hizi bapa za Ulaya hutumia betri ya 3R12, ile pana yenye ndimi mbili za shaba, ambayo ndani yake ni seli tatu zenye jumla ya volti 4.5. LED ya volti 3 hapo ina nafasi ya kupumua. Rezista ndogo tu inatosha kuzuia ziada, na betri ikishuka hadi volti 3.3 taa bado inasomesha. Kwa hiyo kitu kilekile ninachokikataa kwenye tochi ya Kimarekani, kwenye ya Kijerumani nakikubali kwa moyo mweupe. Skrubu ya globu yake ni ya ukubwa uitwao E10, ulio wa kawaida sana, na globu za LED za ukubwa huo zimejaa. Chagua iliyoandikwa volti 4.5, au yenye upana unaozifikia, na soma kama inajali chanya na hasi. Ikikataa kuwaka, usiilaumu bado. Ndimi za 3R12 zinaweza kugeuzwa, geuza ujaribu tena.

Betri ya 3R12 yenyewe si rahisi kuikuta dukani siku hizi. Zipo kasha za plastiki za ukubwa uleule zinazobeba betri tatu ndogo za AA, zenye ndimi juu kama ile ya asili. Nimeitia hiyo, na betri za kuchaji ndani yake: tatu kwa volti 1.2 ni 3.6, kiasi kinachoipendeza LED bila kuichoma.

LED yenye saketi: ninayoipendekeza zaidi, kwa masharti

Kwa tochi za betri mbili, tafuta globu ya LED yenye saketi ndogo ndani ya kitako chake, inayopandisha volti. Nje utaona imeandikwa upana wa volti, inaanzia 1 au 2 hivi kwenda juu. Hiyo hutoa mwanga uleule betri zikiwa mpya na zikiwa zimechoka. Hesabu yake inavutia: nusu wati tu ya LED nzuri yenye rangi ya joto inatoa lumeni 40 au zaidi, na betri zinatolewa chini ya ampea 0.3 iliyokuwa ikiliwa na PR-6. Mwanga mara saba, na betri zinadumu zaidi.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kulipa.

La kwanza ni umbo. Toa globu yako uiangalie ina kola au ina skrubu, ndipo ununue inayofanana. Pima pia unene wa kichwa cha LED, maana baadhi ni vinene kuliko kioo cha globu na havipiti kwenye tundu la kiakisi. Kulipanua tundu kwa tupa ni dhambi kwenye tochi ya vita.

La pili ni kitovu. LED hutupa mwanga mbele, kama mtu aliyegeuza mgongo kwa kiakisi. Globu yenye kipande kimoja kikubwa bapa kinachotazama mbele itakupa mwanga mpana, mlaini, mzuri ndani ya hema au chini ya boneti ya gari, ila haufiki mbali. Ile yenye vipande vidogo vilivyozunguka ubavuni inaiga uzi wa zamani na kiakisi kinapata kazi yake. Doa la katikati linarudi, ingawa mara nyingi lina madoa meusi pembeni. Mimi napenda ya mbele, kwa sababu sihitaji kumulika mlima. Anayelinda shamba usiku atachagua ya ubavuni.

La tatu ni rangi, na hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

LED nyingi za bei ndogo ni za buluu-nyeupe, kelvini 6,000 na zaidi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: kadiri inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa wa buluu). Globu ya uzi iko chini ya 3,000. Ukiweka mwanga wa hospitali ndani ya tochi ya mwaka 1943, jicho linakataa mara moja, hata la mtu asiyejua lolote kuhusu tochi. Lakini si suala la uzuri tu. Ndani ya kifuniko cha chini cha MX-991/U mna lenzi za rangi, nyekundu ikiwemo, na Daimon ina kichujio chake. Lenzi nyekundu ilikuwa na kazi ya kweli: macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mwekundu hafifu unakuruhusu kusoma ramani bila kuupoteza uzoefu huo. Sasa, LED nyeupe ya kawaida kwa asili yake ni LED ya buluu iliyofunikwa unga wa njano. Wekundu ndani yake ni haba. Ukiifunika kwa lenzi nyekundu, karibu kila kitu kinazuiwa na kinachotoka ni kidogo, mara nyingine chenye uwaridi. Uzi wa globu ulikuwa tajiri wa wekundu. Lenzi ilikuwa na cha kupitisha.

Kwa hiyo tafuta LED ya kelvini 2,700 hadi 3,000, yenye kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, cha 90 au zaidi. Kampuni ya Nichia ya Japani imejulikana sana kwa LED za namna hii, na mafundi wa tochi huzitaja kwa heshima. Utapoteza lumeni kiasi ukilinganisha na ile ya buluu. Zipoteze. Utapata ngozi ya mkono inayofanana na ngozi, waya wa kahawia unaotofautiana na mwekundu, na lenzi ya askari inayofanya kazi iliyoundiwa.

Jambo moja la tahadhari: saketi inayopandisha volti haichoki mapema. Inaikamua betri hadi tone la mwisho, na kadiri volti zinavyoshuka ndivyo inavyovuta ampea zaidi, kisha taa inakatika ghafla. Betri ya alkali iliyokamuliwa hivyo na kuachwa ndani huvuja. Tochi ikizimika, toa betri usiku huohuo.

Kujenga upya

Njia ya nne ni ya wanaopenda chuma na lehemu. Unatoa kishikio cha globu, unatia kipande cha shaba nyekundu kinachobeba LED kubwa, saketi ya kudhibiti mkondo, na betri moja ya lithiamu ya kuchaji, ya ukubwa uitwao 18650, mahali pa betri mbili kubwa. Inawezekana. Betri kubwa mbili zina urefu wa milimita 123. Ile ya 18650 ina 65, kwa hiyo unajazia nafasi kwa kipande cha alumini na kuizungushia bomba la plastiki ili isichezecheze ndani ya upana wa milimita 34.

Tatizo ni joto, na lina ukatili wake. Globu ya uzi hutupa joto lake nje pamoja na mwanga, kupitia kioo. LED haifanyi hivyo. Joto lake linabaki nyuma yake na linahitaji chuma cha kulibeba. Mwili wa shaba wa TL-122-A ungelibeba bila shida. Lakini huo ndio mwili usiopaswa kutobolewa, kwani kufikia mwaka 1943 shaba ilikuwa ikihitajika kwingine vitani na tochi hizi zikahamia kwenye plastiki. Zilizobaki za shaba ni za kulindwa. MX-991/U, ambayo unaweza kuikata bila kumwumiza mtu kwa jinsi ilivyo nyingi, ni ya plastiki, na plastiki ni blanketi. LED ya wati 3 ndani yake itajipika yenyewe: mwanga unashuka dakika chache baadaye, na kishikio kinaanza kulegea.

Kikomo changu kwenye plastiki ni wati moja. Anayetaka zaidi, namshauri anunue tochi mpya ya alumini na aiache hii ya jeshi na kazi yake. Na kuhusu lithiamu: usitumie seli isiyo na kinga yake ya ndani, usitumie iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na kumbuka kwamba tochi iliyozibwa mpira isiingize maji haina pia pa kutolea gesi seli ikiharibika. Usiitie kabisa kwenye tochi yenye globu ya volti 2.5, hata kwa kujaribu. Volti 4.2 zitaunguza uzi kabla hujaondoa kidole kwenye swichi.

Betri za kawaida

Hapa tochi za Kimarekani zina bahati kwetu. Yale mawe makubwa ya D bado yapo kwenye kila duka la kijijini Afrika Mashariki, kwa ajili ya redio na tochi za walinzi, kwa hiyo TL-122 au MX-991/U haitalala njaa Singida wala Kitui. Kwa mwendo mrefu, alkali za D zenye uwezo wa mAh 12,000 na zaidi hazina mpinzani. Kwa matumizi ya nyumbani natumia AA za kuchaji zisizopoteza chaji zikikaa, za mAh 2,000, ndani ya kasha za kuzinenepesha ziwe kama D. Zina volti 1.2 kila moja, na LED yenye saketi haijali. Mbili hizo zina saa-wati 4.8, kwa nusu wati, ni saa nane au tisa za mwanga, na hazivuji ovyo. Tochi inakuwa nyepesi mno mkononi, jambo ambalo bado sijalizoea.

Nilichotia mimi

TL-122-A nimeisafisha na kuirudishia globu yake. Haikuhitaji zaidi, na jioni nyingine naiwasha tu niuone ule mwanga wa rangi ya samli ukitua ukutani.

MX-991/U ina LED yenye saketi, kelvini 3,000, na ndiyo ninayoondoka nayo umeme ukikatika. Swichi yake ya kusukuma pamoja na kitufe cha kubonyeza kwa ishara vinafanya kazi kama vilivyokusudiwa.

Daimon ina LED ndogo ya E10 na AA tatu. Ilinichukua majaribio mawili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya buluu-nyeupe. Ukitaka kujua kama umechagua vizuri, usijaribu kwa kumulika ukuta mweupe mchana. Ingia chumbani usiku, zima kila kitu, kaa kimya nusu saa nzima macho yazoee. Kisha sukuma kichujio chekundu, fungua ramani au ukurasa wowote wenye maandishi madogo, na uwashe. LED ya kwanza ilinifanya nilete karatasi puani. Ya pili ilinionyesha majina ya vijiji, na nilipoizima nikatazama dirishani, nyota zilikuwa bado zipo.